Nilivyotafuta Ubao wa Kompyuta ya Mama

Mpenzi msomaji, huenda nawe unalo nyumbani kwako boksi ambalo hulitupi wala hulifungui. Kwetu sisi boksi hilo lilikuwa chini ya kitanda cha mama. Lilikuwa boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake mlikuwamo flopi sita za inchi tano na robo, zile pana nyeusi zipindazo mkononi kama jani la mgomba. Katika kila moja mama alikuwa ameandika kwa kalamu neno moja tu: BIBI, kisha namba, tangu 1 hadi 6.

Mama yangu alikuwa mpiga chapa. Alijifunza kazi hiyo kwa taipureta, na taipureta ndiyo iliyotulisha na kutusomesha kwa miaka mingi kabla hajaiona kompyuta kwa macho yake. Hilo si ajabu. Mwaka 1974 Serikali ilizuia kompyuta kuingizwa nchini pasipo kibali maalumu, na mlango huo haukufunguka vema hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Basi ofisi ya mama, kama ofisi nyingine nyingi, iliruka kutoka utepe wa wino hadi skrini kwa hatua moja. Mwaka 1994 akawekewa mezani kompyuta yenye programu ya WordPerfect 5.1, ile ya skrini ya buluu, na jioni wenzake walipokwisha kwenda zao yeye alibaki saa nzima akiandika kwa ruhusa ya mkubwa wake.

Alichokuwa akiandika ni maneno ya bibi. Bibi alikuja kuishi nasi Temeke akitokea Kilwa, akiwa mzee asiyeweza tena kupanda basi peke yake. Usiku alisimulia: nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, shamba gani la minazi lilikuwa la nani na liliwekwa rehani kwa deni gani. Mama alisikiliza usiku, akaandika jioni ya pili yake. Mwaka 1996 bibi alifariki. Flopi zikafungwa katika boksi, ofisi ikabadilisha mitambo, mama akastaafu, na hakuna aliyezigusa tena.

Mwaka jana mama aligundulika kuwa na presha ya macho. Daktari alimweleza bila kuficha kwamba dawa zitazuia ugonjwa usiendelee upesi, lakini nuru iliyokwisha potea hairudi. Jioni ile aliniita chumbani, akaniambia: "Baba, yale maneno ya bibi yako nataka niyasome mwenyewe kabla giza halijafika. Usinisomee wewe. Nataka niyaone."

Nilijibu, "Inshallah, mama," kwa wepesi wa mtu asiyejua alichokubali.

Asubuhi niligundua ugumu wake. Kompyuta za leo hazina pa kuingiza flopi ya namna yoyote. Viko vifaa vidogo vya kusomea flopi ambavyo huchomekwa kwa waya pembeni mwa kompyuta mpya, lakini hivyo ni vya flopi ndogo za inchi tatu na nusu. Flopi za mama zilihitaji kisomeo chake cha zamani. Kisomeo hicho kilihitaji waya wake bapa. Na waya huo ulihitaji ubao wenye tundu la kuupokea. Ubao huo ndio ambao mafundi wa Kariakoo huuita mazabodi, na wengine wameutafsiri ubao mama. Ni ile sahani kubwa ya kijani ama ya kahawia iliyolala ndani ya kompyuta, ambayo prosesa, kumbukumbu, kadi na nyaya zote hukaa juu yake. Kila kitu katika kompyuta huzungumza na mwenziwe kwa kupita juu ya ubao huo. Ubao usipokijua kifaa, hata kiwe kizima namna gani, kifaa hicho ni kopo tupu.

Kwa hiyo niliazimia kuunda kompyuta ya zamani. Mimi ni karani wa ghala. Nyaya nazijua kwa kuzihesabu tu. Lakini nina mpwa wangu anayesomea ufundi, kijana mwenye moto. Nilipomweleza, macho yake yaling'aa. "Mjomba," akasema, "tutafute 486!"

Hapa sina budi kukiri udhaifu wangu. 486 ni jina la prosesa ambayo kampuni ya Intel iliitoa mwaka 1989, na kompyuta ya mama ofisini ilikuwa ya aina hiyo. Wazo la kumrudishia mama mashine ileile lilinilevya. Sikuuliza swali jingine lolote. Tulipata ubao kwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vilivyotumika, nikalipa shilingi 120,000 nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya sare za watoto. Mama watoto alinitazama tu. Yeye akinyamaza hivyo, afadhali angegomba.

Nyumbani tuliuwekea umeme kwa uangalifu. Mbao za enzi hizo hupokea umeme kwa plagi mbili zinazofanana, nazo zikibadilishwa nafasi huweza kuunguza kila kitu kwa nukta moja. Kanuni ya mafundi ni nyaya nyeusi zikutane na nyeusi katikati. Mpwa wangu aliijua kanuni hiyo. Tukawasha. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi kama chungu.

Kosa tuliliona mchana, tulipoutoa ubao barazani penye mwanga. Karibu na tundu la kibodi palikuwa na betri ndogo kama pipa, iliyochomelewa palepale, na kuizunguka pametanda ukoko wa rangi ya kijani na buluu. Mbao nyingi za miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990 ziliwekwa betri za namna hiyo ili zitunze saa na tarehe umeme unapozimwa. Betri hizo zikizeeka huvuja dawa kali, nayo hutambaa polepole chini ya rangi ya ubao na kula njia nyembamba za shaba zinazopitisha mawasiliano. Mpwa wangu aliing'oa betri, akasugua kwa siki na mswaki, maana siki huua ukali wa dawa ile, kisha akaosha na kukausha. Chini ya ukoko shaba haikuwapo.

Nakusihi, ndugu msomaji: ukiuziwa ubao wa umri huo, na kwa sababu yoyote ile, kwanza tazama betri. Kama ni pipa lililochomelewa, na muuzaji akikwambia kuwa ule ukijani ni vumbi, mrudishie mali yake. Na kama unayo kompyuta ya zamani kabatini, hata huna nia ya kuiwasha, itoe betri hiyo leo.

Kwa ubao wa pili nilipita upande wa pili kabisa. Nilijiambia, kama ukongwe ndio uliotuponza, na tutafute uliokaribia upya. Rafiki wa kazini alinipa bure ubao wa miaka ya 2000 na kitu, wenye tundu la flopi. Ulikuwa mwepesi wa kufunga na uliwaka mara moja, nami nilikuwa karibu kushangilia, ila kila baada ya dakika kumi ulizimika. Mpwa wangu akanionyesha kapasita zilizopangwa kando ya prosesa, zile ndogo kama vikopo. Vichwa vyao, ambavyo hutakiwa kuwa bapa, vilikuwa vimevimba kama mkate uliochacha, na viwili vilitoa utomvu wa kahawia. Ugonjwa huo ulienea duniani kote kwa mbao zilizotengenezwa tangu mwisho wa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, kwa sababu kapasita nyingi za wakati huo zilijazwa dawa isiyotengenezwa sawasawa. Fundi mwenye subira huweza kuzing'oa na kuchomelea mpya. Mpwa wangu alikuwa na moto, subira bado.

Basi ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja, fundi mstaafu wa mitambo ya ofisi, ambaye majirani walinielekeza kwake. Nilimkuta amekaa uani akichambua mchele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Nilimsimulia yote, tangu sare za watoto hadi vikopo vilivyovimba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na kisomeo cha flopi unacho?"

Nikasema sina.

"Waya wake?"

Sina.

"Sasa umenunua punda mara mbili, na gogo la kubeba hujaliona urefu wake." Akacheka, akaingia ndani, akarudi na kisomeo cha inchi tano na robo kilichofungwa katika kanga kuukuu. Kilikuwa cha aina ya megabaiti 1.2, ambacho husoma pia flopi za zamani zaidi za kilobaiti 360. Alinionyesha kwamba mdomo wake wa nyuma si wa pini bali ni wa ulimi wa shaba, na kwamba si kila waya wa flopi unao plagi ya kuupokea. Akanipa na waya. Sikuwa na la kusema isipokuwa asante.

Kisha tukaanza upya, safari hii tukianzia kwenye mzigo. Mambo aliyonifundisha alasiri ile hayajai ukurasa mmoja, ila yaliyonikaa ni haya. Ubao wa 486, hata ungekuwa mzima, kwa kawaida hauna tundu la flopi juu yake. Ungetaka kadi ya pembeni kwa ajili ya flopi na diski ngumu, nami ningeendelea kuzunguka Kariakoo nikitafuta kadi. Zaidi ya hayo, mbao nyingi za zamani hazioni zaidi ya megabaiti 504 za diski ngumu, hivyo kadi ya kumbukumbu ya leo ingezitatiza. Mbao mpya nazo zilianza kuwatupa wazee mmoja baada ya mwingine: kwanza matundu marefu meusi ya kadi za tangu enzi ya IBM, baadaye tundu la flopi lenyewe. Na hata pale tundu lilipobaki, yafaa mtu ahakikishe kwenye ukurasa wa mipangilio kwamba kisomeo cha inchi tano na robo bado kimo katika orodha.

"Kati ya wazee hao na vijana hao," akasema, "kuna kizazi kimoja kinachosikilizana na pande zote mbili." Alikuwa akisema juu ya mbao zilizojengwa kwa chipu za Intel zilizoitwa 440BX, zilizotoka mwaka 1998 kwa ajili ya Pentium II. Mbao hizo zina matundu meusi ya zamani na meupe ya PCI yaliyofuata. Zina tundu la flopi lao wenyewe na tundu la printa. Umeme huupokea kwa plagi moja pana isiyoweza kugeuzwa. Betri yao ni ya duara kama sarafu, ambayo huuzwa hata katika duka la saa, na mtu huibadilisha kwa ukucha. Nyingi zao, alisema, zilitengenezwa kabla ya balaa la kapasita kukolea, ingawa lazima mtu atazame kichwa cha kila moja.

Mpwa wangu, aliyekuwa amenyamaza tangu mwanzo, hakuridhika. Alisema ubao huo una mbio mno kwa programu za zamani. Hakukosea. Ziko programu zilizohesabu wakati kwa kasi ya prosesa, nazo zikiwekwa katika mashine ya megahezi 400 hukimbia kama sinema iliyoharakishwa. Nyingine, hasa zilizoandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal, hukataa kabisa kuanza kwa sababu hesabu zao za mwanzo hufurika. Kwa ajili hiyo kompyuta nyingi za kale ziliwekwa kitufe cha kupunguza mwendo. Mtu anayetaka michezo ya mwaka 1990 na autafute ubao wa mwendo mdogo, hata kwa taabu. Lakini maandishi hayajali. WordPerfect humngoja mpigaji chapa, wala haikimbii mbele yake.

"Tunamsomea bibi, mpwa wangu," nikamwambia, "hatuchezi." Akatabasamu, lakini nilijua ameudhika kidogo, na haki yake.

Ubao wenyewe tuliupata mahali nisipotarajia, katika ua wa wanunuzi wa chuma chakavu, ndani ya sanduku la kompyuta lililokuwa limelala chini ya jokofu bovu. Walituuzia kwa kilo. Ulikuwa kilo saba na nusu pamoja na sanduku lake, vumbi lake na kiota cha mende. Nilipolipa nilikumbuka zile 120,000, nikakaza mwendo nisizikumbuke tena.

Tuliusafisha kwa brashi ya kupakia rangi. Tulikagua kapasita moja baada ya nyingine, tukaweka betri mpya, tukafunga kisomeo cha mzee. Badala ya diski ngumu tuliweka kadi ya kumbukumbu ya kamera katika adapta ndogo ya bei nafuu, ambayo ubao huiona kama diski ngumu ya kawaida. Programu ya WordPerfect na ile ya kuendeshea kompyuta alitupa mzee yule, katika flopi ndogo. Tukawasha, na feni ikazunguka, na mlio mmoja mfupi ukasikika. Msomaji, sijapata kusikia mlio mtamu kama ule.

Katika ukurasa wa mipangilio tuliandika kwamba kisomeo cha kwanza ni cha inchi tano na robo, megabaiti 1.2. Kazi ilikuwa imebaki flopi zenyewe.

Nilidhani ni kuzisukuma ndani tu. Mama ndiye aliyenizuia. Alizipapasa moja moja, akasema: "Ziba matundu kwanza." Sikumwelewa. Akanionyesha kwa kidole kipengee cha mraba ubavuni mwa kila flopi: kikizibwa kwa kipande cha karatasi ya gundi, kompyuta huweza kusoma lakini haiwezi kufuta wala kuandika. Miaka karibu thelathini ilikuwa imepita, na vidole vyake havikusahau. Tukaziba matundu yote sita.

Nne zilikuwa safi. Mbili zilikuwa na ukungu; hewa yetu ya pwani haihurumii, na kupitia dirisha dogo la flopi tuliona madoa meupe kama chumvi. Flopi ya namna hiyo haifai kuingizwa hivyohivyo, kwani uchafu hukwangua kichwa cha kisomeo, nacho huikwangua flopi inayofuata. Tulianza na zile safi. Zile mbili tuliziacha mwisho, tukazifuta polepole kwa pamba na spiriti huku tukizizungusha kwa kidole katikati.

Ya kwanza ilisomeka yote. Ya pili, yote. Ya tatu ililalamika mahali pamoja, tukarudia, ikasalimu amri. Ya sita ilisomeka. Katika zile za ukungu, namba 4 ilitoa karibu yote, na namba 5 haikutoa kitu. Tulijaribu siku tatu. Ndani ya namba 5, kwa kadiri mama anavyokumbuka, yalikuwamo mambo ya ukoo wa baba yake bibi. Ndugu zetu wa upande ule waliwahi kuja mara mbili kutuuliza tunahusianaje nao, na jibu lilikuwa humo. Sasa sina la kuwaambia.

Jumapili ile tulimweka mama mbele ya skrini. Nilikuwa nimeyahamisha maandishi kutoka WordPerfect yakawa herufi tupu, kwa sababu mfumo wa zamani una amri moja ambayo watu wameisahau, nayo ni MODE CO40. Ukiiandika, skrini huacha kuonyesha herufi 80 katika mstari na kuonyesha 40 tu, kila moja ikanenepa mara mbili. Mpwa wangu alisema simu nayo ingeweza kuyakuza. Kweli ingeweza. Lakini mama alisogeza kiti hadi pua yake ikakaribia kioo, akaweka mikono yake yote miwili kando ya kibodi kama afanyavyo mpiga chapa, akaanza kusoma kwa sauti.

Alisoma polepole. Mahali pengine alicheka, na mahali pengine alinyamaza muda mrefu hata watoto wakaanza kusukumana mlangoni, na mama watoto akawanyamazisha kwa jicho. Sare zao za mwaka ule zilikuwa za kuazima, naye hakulitaja jambo hilo. Alikaa mkekani akisikiliza habari za mwanamke ambaye hakuwahi kumwona.

Ilipofika jioni mama alisimama katikati ya mstari. "Hapa nilikosea," akasema. "Huyu si Mwanaisha. Huyu ni Mwanahawa. Bibi yako alinisahihisha kesho yake, nami sikurudi kurekebisha. Nifungulie programu yangu."

Nilimfungulia nakala iliyo katika kadi, skrini ikageuka buluu. Herufi zilikuwa ndogo sasa, hakuziona; mimi nilimwambia mshale ulipo, yeye akapiga bila kutazama. Kisha kidole chake kikaenda chenyewe hadi F10. Mashine ikauliza kama ifute nakala ya zamani na kuweka hii mpya, nami kabla sijamaliza kumsomea swali alikwisha kulijibu.